Jiwe la Kiwanja Namba Tisa

Kambi yetu ina viwanja kumi na vinne, vyoo viwili vya shimo na pampu moja ya maji ya kusukuma kwa mkono. Umeme hakuna. Simu haishiki mpaka urudi maili ishirini na mbili kwenye kituo cha mafuta. Ukija na trela lako la kulala, unakuja na kila kitu ndani yake: maji kwenye tangi, gesi kwenye mtungi, na betri inayotegemea sola ya juu ya paa. Kikikwisha kimekwisha. Huu ni mwaka wa saba mimi ndiye mlezi wa kambi. Hifadhi inanipa kiwanja cha bure tangu Juni hadi Septemba, nami nafagia majivu, naweka karatasi chooni na kuwagombeza wanaowasha jenereta nje ya saa zilizoruhusiwa. Kugombeza hakunipi taabu. Niliendesha malori ya magogo hapa Montana kwa miaka thelathini na mbili, na sauti ninayo.

Ng'ambo ya ziwa ndiko uliko Mlima. Kwenye ramani una jina la mtu, lakini kambini tunauita Mlima tu, na hakuna anayeuliza upi. Mwaka wa kwanza nilidhani nitauzoea. Sijauzoea. Kuna asubuhi natoka na ndoo ya majivu mkononi, nainua macho, nasahau nilikuwa nakwenda wapi. Unaanzia majini kwa ukuta mweusi wa mawe, unapanda, unaendelea kupanda pale ulipodhani umeishia, halafu juu kabisa ndipo inapoanza theluji, na hiyo haijawahi kwisha tangu enzi za babu wa babu yangu. Mimi si mtu wa kanisani sana. Lakini mbele ya kitu kile huwa navua kofia, na sioni haya kulisema.

Shida yake ni mawingu. Hata Julai yanaweza kushuka yakakaa siku tatu au nne, Mlima ukafunikwa wote, na mgeni akadhani ng'ambo ya ziwa kuna uwanda mtupu. Ndiyo maana tuna desturi yetu: wa kwanza kuuona ukifunuka anagonga mfuniko wa sufuria, na kambi nzima inatoka, hata mwenye povu la sabuni usoni.

Desturi yetu ya pili si ya kujivunia. Trela jipya likiingia, watu wanabeba viti vyao vya kukunja na kukaa kando ya barabara kumtazama dereva akirudi rivasi. Hatuna televisheni, kwa hiyo hiyo ndiyo sinema yetu. Kurudisha trela nyuma si mchezo. Ukiukata usukani kulia, mkia wa trela unakwenda kushoto, na ukichelewa kuunyoosha, gari na trela vinakunjana kama kiwiko. Nimeona ndoa tatu zikitikisika pale, na moja haikurudi mwaka uliofuata.

Sasa, Alhamisi moja ya Julai, Mlima ukiwa umefichika tangu Jumatano asubuhi, iliingia pikapu ya kijani ya zamani, isiyo na kamera wala kidude chochote, ikikokota trela la futi kumi na tisa. Nilivitambua vyote viwili kabla sijaona dereva. Vilikuwa vya Lowell Amdahl, ambaye kila Julai alikuja na mkewe Ardith na kukaa kiwanja namba tisa. Nikaanza kupanga utani wa kumpokelea. Aliyeteremsha kioo alikuwa Ardith, peke yake, ameukamata usukani kwa mikono miwili.

Aliniambia Lowell alifariki Februari. Moyo, akiwa anaondoa theluji mlangoni kwa koleo. Alisema kwa kifupi, kama mtu ambaye ameshalazimika kulisema mara nyingi mno, kisha akauliza kama namba tisa iko wazi. Ilikuwa wazi, nami nikamwonyesha njia aliyoijua kuliko mimi.

Namba tisa huwa wazi mara nyingi kwa sababu watu wanaiogopa. Inateremka kutoka barabarani kuelekea ziwani, katikati ya misonobari minene. Ukifanikiwa kuingia mpaka chini, hakuna kiwanja bora: jua linakipiga tangu asubuhi hadi jioni na betri yako inajaa huku wenzako kivulini wanahesabu hata taa za kuwasha. Mwisho wake, karibu na maji, kuna jiwe jeupe, bapa, kimo cha goti. Miaka yote Ardith alisimama juu ya jiwe hilo kumwongoza Lowell kwa ishara. Alikuwa utingo wake, na utingo mahiri: mkono wa kulia, mkono wa kushoto, viganja viwili mbele, ngumi. Ila usukani wenyewe hakuwahi kuushika hapa kambini hata siku moja.

Viti vilikwisha kupangwa. Mara ya kwanza alikwenda kulia sana. Mara ya pili alikwenda kushoto sana. Ndipo wanaume wakainuka kusaidia, wakiongozwa na Duane, mstaafu wa Arizona mwenye basi la kulala lenye friji mbili ndani. Walikuwa sita, kila mmoja akipunga mikono yake. Mmoja akisema kulia alimaanisha usukani, mwingine akisema kulia alimaanisha mkia wa trela, na Duane alimaanisha kulia kwake yeye, akiwa amempa dereva mgongo. Mara ya tatu gari na trela vikakunjana na kona ya trela ikachuna gome la msonobari. Niliwarudisha wote vitini kwa lugha ambayo hifadhi hainiruhusu kuitumia.

Nikasogea dirishani. "Shuka, Bi Ardith. Nipe ufunguo, dakika nne tu nimekumalizia."

"Nikikupa ufunguo, Merle, nimeliuza trela," akasema.

Sikumwelewa, lakini uso wake haukuwa wa kubishana nao. Nikamsaidia kunyoosha, nikamweka karibu na rundo la kuni, mahali palipo sawa, pa kuingia mbele na kutoka mbele. Ni kivuli kitupu pale, na kanuni zinasema usiku mmoja tu. Kanuni hizo nilizibandika mimi mwenyewe, kwa gundi yangu.

Ijumaa asubuhi nilimpelekea kahawa, na ndipo aliponieleza. Binti yake, Janeen, anaishi mjini Spokane, na tangu msiba amekuwa hapati usingizi kwa kumwazia mama yake. Haiingii akilini mwake mwanamke wa miaka sabini na mbili kukaa peke yake porini, hakuna simu, dubu wanapita. Amekwisha kumpata mtu kazini kwake anayelitaka trela. Wamebishana majira yote ya machipuko, mwisho wakaafikiana: Janeen atakuja Jumapili saa sita mchana. Akimkuta mama yake namba tisa, amejipaki mwenyewe, hatatamka tena neno la kuuza. Akimkuta amekwama, au ameegeshewa na mtu, Ardith anatia saini.

Nilimwambia mbona trela ni bati na mbao tu. Kwa kujibu alinifungulia kabati la vikombe. Ndani ya mlango Lowell alikuwa ameandika kwa kalamu ya risasi, mstari mmoja kwa kila mwaka, siku na saa waliyouona Mlima kwa mara ya kwanza. Mistari thelathini na mmoja. Hapa na pale aliongeza neno pembeni: "upepo", "mwezi bado upo", "Ardith amelia". Huyo mnunuzi, Ardith akasema, anataka kuling'oa kabati lote apate pa kuweka televisheni.

"Sasa unangoja nini?" nikamuuliza.

"Nangoja Mlima."

Hapo nilimwelewa, kwa sababu majigambo ya Lowell niliyasikia kila mwaka kwenye moto wa jioni. Alipenda kuwaambia watu kwamba siri ya namba tisa anaijua yeye. Unauweka Mlima kwenye kioo cha kushoto cha kutazamia nyuma, ncha ikae katikati, unarudi nyuma taratibu, umemaliza. "Huyu mwenzangu anapunga mikono kujifurahisha tu," alikuwa anasema, na watu walicheka, na Ardith alicheka nao. Lakini kucheka kitu miaka thelathini na mmoja si sawa na kukipenda. Tena kulikuwa na honi. Akiwa juu ya jiwe, Mlima ukiwa nyuma yake mkubwa namna ile, Ardith alishindwa kujizuia, akageuka kuuchungulia. Papo hapo Lowell alipiga honi, pa, pa, mpaka bata wakaruka ziwani. Nilisikia honi hiyo kila Julai, na kila Julai nilimwona Lowell ni mtu asiye na subira.

"Ananipigia honi kama kuku barabarani," Ardith akaniambia, bado akimsema kana kwamba yuko nje anachanja kuni. "Niangalie yeye, nisiuangalie Mlima. Basi na mimi nitapaki kwa Mlima wake huo, tuone."

Mlima haukutoka Ijumaa. Jumamosi haukutoka pia. Manyunyu yalishuka bila kukoma, na pale kwenye kuni, chini ya kivuli na wingu, sola ya Ardith haikuokota kitu. Kufikia Jumamosi saa nane mchana betri ilikuwa imeshuka mpaka pampu ya maji ikawa inakohoa badala ya kuvuta. Duane alikuja na waya mrefu wa jenereta yake, kwa roho safi kabisa, akamwambia, "Chukua, mama, hata friji yangu ya pili nitaizima kwa ajili yako." Ardith alimshukuru na kukataa. Aliteka maji kwa ndoo, akajipikia maharage kwa gesi, akakaa mlangoni na koti la Lowell begani, anatazama wingu.

Nilimkasirikia. Nilimwambia kiburi hakipashi moto trela, na kwamba nikilipaki mimi saa hii nikafunga mdomo, Janeen hatajua. Aliniuliza kama katika miaka yangu yote ya magogo niliwahi kuegeshewa lori na mtu mwingine kisha nikasema nimepaki mimi. Nilirudi kufagia majivu yaliyokwisha kufagiwa.

Jumapili, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, niliamshwa na mfuniko wa sufuria.

Ardith ndiye aliyekuwa anagonga, amesimama ufukweni na kikaango cha chuma mkono mmoja na mfuniko mkono mwingine. Watu walikuwa wanatoka na blanketi, na nguo za kulala, mmoja na kiatu kimoja. Nilipofika majini nilikuta wingu halijaondoka, limepasuka tu. Kilichoonekana kilikuwa jiwe moja jeusi, juu mno, mahali ambapo mtu anatarajia mbingu. Mwanamke aliyefika Ijumaa aliuliza kile ni nini. Alikuwa amelala kando ya Mlima siku mbili bila kujua kwamba upo.

Halafu wingu likafunguka upande wa kushoto, likafunguka chini, na Mlima wote ukawa umesimama mbele yetu. Ulikuwa mweupe hata kwenye mabega ambayo Julai huwa meusi, kwa sababu yale manyunyu yetu ya siku nne kule juu yalikuwa theluji. Jua lilikuwa linaipiga theluji hiyo kwa rangi ambayo siijui jina, kati ya waridi na kaa la moto. Ziwa halikuwa na hata kiwimbi. Kwa hiyo ulikuwepo Mlima mwingine chini, umegeuka kichwa chini majini, nasi tumesimama ukingoni mwa yote miwili, watu ishirini na kitu na blanketi zetu. Hakuna aliyetoa simu kupiga picha. Duane alikuwa ameanza kunyoa, povu likamkaukia shavuni na hakulikumbuka.

Kisha kipande cha barafu kikakatika juu kabisa. Tulikiona kwanza, vumbi jeupe likiteremka polepole, likichukua muda wake, na ndipo nilipopata kujua ukubwa wa kile ninachokitazama kila siku, maana lilishuka na kushuka na bado halikufika popote. Ngurumo ilitufikia baadaye, tulipokuwa tumeshasahau kuingoja. Niliisikia kwenye nyayo. Niliogopa, na nilifurahi kuogopa. Kofia yangu ilikuwa mkononi na sikumbuki kuivua.

Ardith peke yake ndiye hakukaa sana. Aliweka kikaango chini, akaenda kufunga trela kwenye pikapu.

Nilimwachia mpaka watu wapate kahawa. Viti niliviruhusu, midomo sikuiruhusu, nikamwambia Duane kwamba mkono wake ukiinuka nitauripoti kwa askari wa hifadhi. Ilipokaribia saa mbili Ardith alikuja na trela lake taratibu, akasimama barabarani juu ya namba tisa, mshazari kidogo, kama Lowell alivyokuwa anasimama. Mlima ulikuwa wazi kabisa, sasa mweupe wa kuumiza macho. Tukangoja arudi nyuma. Hakurudi.

Zilipita dakika tano. Nilimwona akikisogeza kioo cha pembeni, akajisogeza yeye, akakisogeza tena kioo. Mwisho akateremka akaniita.

"Panda hapa, Merle. Kaa kama Lowell, uniambie unaona nini kwenye kioo cha kushoto."

Nilipanda. Mimi na Lowell tulikuwa kimo kimoja. Niliona ubavu wa trela, nikaona kiwanja kinavyoteremka, nikaliona jiwe jeupe mwishoni, limepigwa na jua. Kwa juu, matawi ya misonobari ya karibu na barabara yalikuwa yameshuka kama pazia. Nilikiinua kioo nikapata matawi zaidi. Nilikishusha nikapata majani. Mlima ulikuwa nyuma yangu umejaza nusu ya mbingu, na kwenye kioo kile hakukuwa na hata punje yake. Na usiniambie miti imekua tangu mwaka jana. Misonobari ile ilikuwepo kabla ya babu yake Lowell kushuka kwenye meli kutoka Norwei.

"Naona jiwe," nikasema.

"Na nini?"

"Jiwe peke yake. Angekuwepo mtu juu yake ningemwona mzima, kofia mpaka viatu."

Ardith alikaa kwenye kidaraja cha pikapu, pale pa kukanyagia, akaitazama mikono yake. Mimi nilibaki kwenye kiti cha marehemu, sijui nishuke au nibaki.

"Mwongo mkubwa," akasema mwishoni, polepole, kwa sauti ya mtu anayetaja jina zuri. Akaanza kucheka, na katikati ya kucheka machozi yakamshuka, na hakuyafuta. "Miaka thelathini na mmoja, Merle. Mbele za watu wote."

Kisha kicheko kikamwisha, maana wazo lake lilikuwa limefika pale langu lilipokuwa limefika. Kazi ile haikuwahi kuwa ya mtu mmoja. Na makubaliano yake na binti yake yalikuwa ya mtu mmoja.

Ndipo gari dogo jeupe lilipokuja likasimama nyuma ya trela, kwa sababu trela lilikuwa limeziba barabara. Janeen alikuwa amelala njiani ili afike mapema. Ni mwanamke wa miaka arobaini na tano hivi, mrefu kama baba yake, na viatu vya ofisini Jumapili asubuhi. Aliitazama pikapu iliyokaa mshazari. Akanitazama mimi kwenye kiti cha dereva. Akamtazama mama yake, uso umelowa machozi. Hesabu aliyoipata ilionekana wazi usoni, na sikuweza kumlaumu.

"Mama," akasema, bila ukali. "Tulikubaliana."

"Tulikubaliana vibaya," Ardith akajibu, akainuka. "Baba yako hakuwahi kulipaki peke yake hata siku moja. Shuka, Merle. Janeen, nenda ukasimame juu ya lile jiwe."

Janeen alisema hajui chochote kuhusu mambo hayo. Alisema amekuja kuzungumza. Aligeuka kwangu kutafuta mtu mzima mwenye akili, nami nikaiangalia kofia yangu. Ardith alimshika viganja akamfundisha ishara nne pale pale barabarani: mkono wa kulia, mkia uende kulia; mkono wa kushoto, mkia uende kushoto; viganja viwili, njoo; ngumi, simama. "Usiangalie magurudumu ya gari," akamwambia. "Angalia mkia wa trela tu. Mengine niachie mimi."

Janeen aliteremka na viatu vyake vile, akashikilia matawi asiteleze, akapanda juu ya jiwe. Alikuwa amekuja kwa ukungu njia nzima, na pale barabarani alipoegesha, nyuma ya trela, matawi yalikuwa yameuficha Mlima. Pale juu ya jiwe hakuna tawi. Aligeuka kidogo tu, kujua amesimama wapi, na Mlima ukamchukua. Niliona mabega yake yakilegea. Mikono yake, iliyokuwa imeinuliwa tayari kwa kazi, ilishuka yenyewe ikaning'inia. Alitupa mgongo sisi sote, mama yake, trela, mnunuzi wa Spokane, akabaki anatazama juu.

Pa, pa.

Honi ile ile. Bata waliruka ziwani. Janeen alishtuka akageuka, akamwona mama yake kwenye kioo, na mama yake akamwona yeye, kofia mpaka viatu. Akainua mikono.

Mara ya kwanza mkia ulizidi kushoto. Ngumi ikainuka, Ardith akavuta mbele, akanyoosha. Mara ya pili alikuja taratibu, taratibu sana, mkono wa kulia wa binti, kisha viganja viwili, kisha mkono wa kushoto kidogo tu, na trela likapita katikati ya misonobari pasipo kugusa hata jani. Viganja vikaendelea kuita, njoo, njoo. Ngumi. Pikapu ikazimwa. Duane hakuwa ametamka neno hata moja, na huo nao ulikuwa muujiza wa siku ile.

Niliteremka na kabari za kuzuia magurudumu, kwa hiyo niliyasikia yaliyofuata. Janeen alikuwa bado juu ya jiwe.

"Umenipigia honi," akamwambia mama yake, nusu analalamika, nusu anacheka.

"Uligeuka. Nikabaki na mgongo wako, mikono siioni, sasa mimi nitajuaje..." Ardith akanyamaza.

Janeen hakugundua. Alikuwa anateremka, anapangusa udongo kwenye viatu. "Wewe na Baba ni wale wale," akasema. "Nilikuwa nakaa kiti cha nyuma na kitabu changu. Ukigeuka tu kuangalia Mlima, jasho linamtoka. Anaanza kusema peke yake, 'Geuka, Ardith. Geuka basi, mama. Bila wewe nitagonga mti.' Anasema hivyo mara mbili tatu, halafu ndio anapiga honi."

"Na hukuniambia."

Janeen akainua uso. Nadhani ndipo alipomwona mama yake vizuri kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Nilidhani unajua, Mama," akasema.

Hawakukumbatiana, si watu wa hivyo. Janeen alinipokonya kabari moja akaisukuma chini ya gurudumu kwa kisigino cha kiatu chake cha ofisini, akaniuliza kama imekaa sawa. Nikamwambia imekaa. Akasema yule mtu wa kazini itabidi atafute trela lingine, akauliza kama kuna chochote cha kula humu ndani, maana hajala tangu jana. Jua lilikuwa limeifikia sola, na ndani ya trela nikaisikia pampu ya maji ikikohoa mara mbili, kisha ikavuta.

Ardith alikuwa amepanda juu ya jiwe. Aliipa mgongo pikapu, akalipa mgongo trela na sisi sote, akautazama Mlima muda mrefu. Hakuna aliyempigia honi.